Leseni ya Kuuza Chakula Muthurwa

Leseni ya kuuza chakula kwa umma nchini Kenya hutolewa na serikali ya kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia masoko na leseni za biashara, na kando yake, chini ya huduma za afya, kazi ya kuwapa leseni na kuwadhibiti wanaouzia watu chakula. Kwa hiyo mama mboga wa Soko la Muthurwa, mchoma mahindi wa Barabara ya Landhies na mwenye kibanda cha chai na mandazi karibu na steji ya matatu wote wako chini ya City Hall, makao ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Viwango vya usafi wanavyopimwa navyo, hata hivyo, vimewekwa na sheria za taifa zima. Ndiyo maana muuzaji mmoja hujikuta akitembelewa na watu wa aina mbili: askari wa kaunti, maarufu kama kanjo, anayeuliza kibali, na bwana afya, yaani afisa wa afya ya umma, anayeuliza cheti.

Sheria za taifa zinazogusa sufuria ya muuzaji ni za zamani. Sheria ya Afya ya Umma ilianza kutumika 1921, katika Nairobi ya wakoloni ambayo miongo miwili hivi kabla yake ilikuwa imepata tauni na kuona soko la Wahindi likichomwa moto mwaka 1902 kwa jina la afya. Historia hiyo haifai kusahauliwa, kwa sababu tangu mwanzo kanuni za usafi wa jiji hili zilibeba kazi mbili: kuzuia maradhi, na kuamua nani akae wapi. Baada ya uhuru ilikuja Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali ya 1965, na chini yake Kanuni za Usafi wa Chakula za 1978. Kanuni hizo ndizo zinazosema kwamba mahali pa kutayarishia au kuuzia chakula pawe na leseni ya afya, pawe na maji safi, choo na njia ya kutupia taka, na kwamba anayeshika chakula awe msafi wa mwili na mavazi, asiwe na ugonjwa unaoweza kuambukizwa kupitia chakula.

Muthurwa ni mahali pazuri pa kuonea jinsi kanuni hizo zinavyofanya kazi. Mtaa wenyewe ni wa reli, uliojengwa enzi za ukoloni ili kuwaweka wafanyakazi Waafrika wa shirika la reli, ukapakana na njia za treni upande mmoja na Barabara ya Landhies upande mwingine. Soko lilifunguliwa 2008 katika ardhi hiyo ili kuwahamisha wachuuzi kutoka katikati ya jiji, na likaunganishwa na kituo cha matatu za Eastlands. Hatua chache kutoka hapo ni Wakulima, ambalo wakazi wa Nairobi wanaliita Marikiti, soko la jumla linalopokea viazi vya Nyandarua, nyanya za Kirinyaga na vitunguu vinavyovuka mpaka kutoka Tanzania. Wanaouza rejareja Muthurwa huamkia Marikiti kabla ya jua, wakanunua gunia au kreti, wakalipa mkokoteni, wakapanga mafungu. Abiria anayeelekea Jogoo Road jioni hununua sukuma wiki, nyanya na kitunguu ndani ya dakika tano kabla gari halijajaa.

Leseni anayohitaji mtu hutegemea anachouza kuliko anapouzia. Hilo ndilo jambo ambalo wengi hulikosa. Mboga mbichi, matunda mazima, viazi na nafaka huhesabiwa kuwa na hatari ndogo, kwa kuwa mnunuzi atakwenda kuosha, kumenya na kupika. Muuzaji wa vitu hivi sokoni kwa kawaida hulipa ushuru wa soko wa kila siku na kupewa risiti, na akiwa na kibanda cha kudumu hulipia na nafasi yake. Mambo hubadilika pale kisu kinapoingia. Tikiti maji lililokatwa vipande, nanasi lililomenywa, sukuma wiki iliyokatwakatwa tayari kwa sufuria, kachumbari ya kuwekwa kwenye soseji ya smokie au yai la kuchemsha: vyote hivi vimegusana na mkono, kisu na maji ya muuzaji, na baadhi vitaliwa papo hapo bila kupitia moto. Machoni pa bwana afya, huyo si muuza mboga tena bali ni mtayarishaji wa chakula, na anapaswa kuwa na cheti cha uchunguzi wa kiafya.

Cheti hicho ndicho kitovu cha mfumo mzima, na kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Kila anayeshika chakula cha kuuzwa, awe mwenye biashara au kijana aliyeajiriwa kukanda unga wa chapati, huenda kituo cha afya kilichoidhinishwa, hupimwa, hasa choo, ili kuona kama ana vimelea au bakteria wa homa ya matumbo, kisha hupewa cheti kinachodumu miezi 6. Wengi hushangaa kwa nini mtu mzima mwenye afya yake apimwe mara mbili kwa mwaka. Jibu lake lilijulikana zaidi ya miaka 100 iliyopita jijini New York, ambako mpishi mmoja, Mary Mallon, aligunduliwa mwaka 1907 kuwa anabeba bakteria wa homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua. Familia alizozipikia ziliugua moja baada ya nyingine. Mtu wa namna hiyo hawezi kutambuliwa kwa macho, wala yeye mwenyewe hajijui. Maabara pekee ndiyo humtambua.

Hata hivyo, kipimo husema habari za siku kilipochukuliwa. Mtu anaweza kupimwa Jumatatu akawa salama, akaambukizwa Alhamisi kwa maji ya mtaroni. Kwa hiyo cheti kina maana tu kikiambatana na mambo mengine: maji ya kunawa, sabuni, choo kilicho karibu, na chakula kinachokaa moto au baridi inavyotakiwa. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae muda mrefu katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60, kwa kuwa hapo ndipo bakteria huzaana kwa kasi. Githeri inayochemka juu ya jiko la makaa ni salama kuliko viazi karai vilivyokaangwa asubuhi vikabaki kwenye sinia hadi saa kumi jioni, hata kama aliyevikaanga ana cheti kipya mfukoni. Mnunuzi anayechagua kibanda kwa kutazama mvuke na moshi anafanya ukaguzi wa maana, pengine bila kujua.

Hali ikifika kwenye nyama, sheria hukaza zaidi. Sheria ya Udhibiti wa Nyama ya miaka ya 1970 inataka mnyama achinjwe kwenye kichinjio chenye leseni, nyama ikaguliwe, ipigwe muhuri, kisha isafirishwe kwenye gari au kasha lililoidhinishwa kwa kazi hiyo. Nyama bila muhuri ni kosa, iwe imefungwa vizuri au la. Mutura na supu ya vichwa na miguu, vitamu vya jioni katika Eastlands, vimo ndani ya sheria hiyohiyo, kwa maana matumbo na damu lazima pia vitoke kwa mnyama aliyekaguliwa. Muuza mutura mwangalifu anajua kichinjio kilichotoa matumbo yake na anaweza kumwambia anayeuliza.

Maziwa yana mlinzi wake, Bodi ya Maziwa ya Kenya, iliyowekwa na sheria ya 1958. Kwa miaka mingi muuza maziwa wa baiskeli alitendewa kama mhalifu, maziwa yake yakamwagwa barabarani. Mnamo mwaka 2004 sera ilianza kubadilika baada ya utafiti kuonyesha kwamba wachuuzi wadogo waliopewa mafunzo na vyombo vya chuma visivyoshika uchafu walikuwa wanaweza kuuza maziwa yenye usalama wa kuridhisha. Bodi ikakubali kuwafundisha na kuwapa leseni. Huu ni mmoja wa mifano michache katika Kenya ambapo leseni ilitanguliwa na mafunzo, na ulionyesha njia ambayo kaunti zingeweza kuifuata kwa wapika chapati na wauza matunda.

Chakula kilichofungwa na kubandikwa jina, kama siagi ya njugu ya nyumbani, achari, unga au mtindi, huhitaji zaidi ya kibali cha kaunti. Hapo huingia Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ambalo alama yake hutakiwa kwenye pakiti. Sababu ni nzito. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu, aflatoksini, yaliwaua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, na Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa kuzidisha kiwango kinachoruhusiwa cha sumu hiyo. Njugu na mahindi vinaweza kubeba sumu bila rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Anayesaga njugu Muthurwa na kuziuza kwenye chupa anabeba dhamana kubwa kuliko anayeuza njugu zenye maganda.

Kuna sheria nyingine ndogo ambazo muuzaji hukumbana nazo. Mizani lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka na maafisa wa vipimo, na mkebe wa gorogoro uliobonyezwa kitako ni kosa mbele ya sheria ya vipimo. Viazi, kwa kanuni za 2019, vinatakiwa kufungwa kwenye magunia yasiyozidi kilo 50, ingawa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, bado huonekana. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo, na tangu hapo chipsi na mandazi vimehamia kwenye karatasi. Karatasi safi ya khaki inafaa. Gazeti la jana halifai, kwa sababu wino wake haukutengenezwa kuliwa.

Ada za leseni zinatawaliwa na kanuni moja ambayo kila muuzaji angepaswa kuijua kwa moyo. Ibara ya 210 ya Katiba inasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Kwa Nairobi, sheria hiyo ni Sheria ya Fedha ya kaunti, inayopitishwa na bunge la kaunti baada ya wananchi kushirikishwa, na jedwali lake hutaja kiwango cha kila aina ya biashara. Ada isiyomo kwenye jedwali hilo haina msingi, hata ikidaiwa na mtu aliyevaa sare. Pesa iliyotolewa bila risiti haijafika kaunti.

Mlundikano wa vibali umekuwa malalamiko ya wafanyabiashara tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali za mitaa zilianzisha kibali kimoja cha biashara badala ya leseni nyingi za awali, lakini kadiri miaka ilivyopita leseni za afya, zimamoto na matangazo zilirudi kusimama kila moja peke yake. Chini ya Gavana Johnson Sakaja, aliyeingia ofisini Agosti 2022, kaunti imeziunganisha tena katika kibali cha pamoja kinacholipiwa kwa mtandao na simu. Kwa mwenye kibanda cha kupikia, hii imepunguza safari za City Hall. Cheti cha afya cha kila mhudumu, hata hivyo, kinabaki cha mtu binafsi. Kibali cha biashara hakimpimi mpishi, na wale wanaoamini kwamba ukishalipa kibali umemaliza hujikuta matatani bwana afya akipita.

Tofauti kati ya kuuzia sokoni na kuuzia kando ya barabara ni kubwa kisheria. Ndani ya soko muuzaji anayelipa ushuru anatambuliwa. Nje ya lango, kwenye kingo za Landhies na Jogoo Road, anaingia katika eneo la hifadhi ya barabara, ambalo kwa Sheria ya Barabara ya 2007 lina mamlaka zake na halitakiwi kujengwa wala kuwekewa kibanda bila idhini. Wakati huohuo sheria ndogo za jiji za 2007 kuhusu kero za umma zinakataza uchuuzi mahali pasipotengwa. Mtu anaweza basi kuwa na cheti cha afya halali, kibali kilicholipiwa, chakula safi kabisa, na bado akakamatwa kwa kosa la mahali. Mara nyingi hukosi kusikia muuzaji akilalamika kwamba alilipa, na ni kweli alilipa, ila alilipia biashara, hakulipia ardhi aliyosimama.

Kwa nini basi muuzaji asikae ndani ya soko? Swali hili limeulizwa tangu soko lifunguliwe, na wengi wa waliohamishiwa Muthurwa walirudi mitaani. Chakula kilichopikwa hufuata miguu ya watu. Abiria anayevuka kutoka kituo cha matatu kwenda katikati ya jiji hanunui chai kibanda cha ndani kabisa, hununua njiani. Aliyepewa nafasi ya nyuma huona wateja wakiishia kwa waliotandaza nje ya lango, kisha naye hutoka. Msongamano, matope wakati wa mvua na taka zinazochelewa kuzolewa vimeongeza tatizo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotolewa 1972, ilikwisha kusema kwamba biashara ndogo zisizo rasmi ni sehemu yenye tija ya uchumi, na ikaitaka serikali iache kuzisumbua na ipunguze masharti ya leseni yasiyo ya lazima. Ushauri huo ulitolewa kabla ya wengi wa wachuuzi wa leo kuzaliwa.

Miji mingine imejibu swali hilohilo kwa njia tofauti. Singapore iliwaandikisha wachuuzi wake, kisha kuanzia miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980 ikawajengea vituo vyenye mabomba, mitaro na meza, ikiviweka karibu na nyumba na vituo vya mabasi. India ilitunga sheria ya wachuuzi wa mitaani mwaka 2014, inayotaka kila mji uwe na kamati ya kupanga maeneo ya uchuuzi ambamo wachuuzi wenyewe hawapungui asilimia 40. Tanzania, Desemba 2018, ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 za nchi hiyo kwa mwaka, vikiwalenga wamachinga na mama lishe wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4. Kitambulisho cha Tanzania kilikuwa rahisi kupata, lakini hakikuleta bomba la maji. Singapore ilifanikiwa kwa sababu leseni ilikuja pamoja na bomba.

Hapo ndipo udhaifu wa Muthurwa ulipo. Kanuni za 1978 zinamtaka muuzaji awe na maji, choo na mtaro, lakini mwenye kibanda cha futi chache hawezi kuchimba mtaro wake mwenyewe. Vitu hivyo ni vya mwenye soko, na mwenye soko ni kaunti inayokusanya ushuru kila asubuhi. Kipindupindu kilipozuka Nairobi mwaka 2017, kiliwapata hata waliokula katika hoteli za hadhi, zenye leseni zote ukutani. Serikali ilifunga hoteli mbili kwa muda na kuamuru wahudumu wa chakula wapimwe upya. Amri ya kupima ilikuwa sahihi. Lakini ugonjwa ule husafiri kwa maji machafu, na jiji ambalo mabomba yake hukauka siku kadhaa kwa wiki haliwezi kuutibu kwa cheti. Kumwadhibu muuza matunda kwa kukosa maji ya kunawa, katika soko ambalo halina maji, ni dhuluma.

Muuzaji anayekamatwa ana haki zake. Askari wa kanjo anapaswa kujitambulisha na kutaja kosa. Bwana afya lazima awe amesajiliwa, kwa mujibu wa sheria ya 2013 inayosimamia maafisa wa afya ya umma. Chakula kibovu kinaweza kuchukuliwa na kuharibiwa, lakini kuchukua sufuria, jiko na pesa za mauzo pasipo orodha wala hati si utekelezaji wa sheria yoyote. Akinyimwa leseni, Sheria ya Haki katika Uamuzi wa Kiutawala ya 2015 inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mahakama nazo zimewahi kusimama na watu wa Muthurwa: Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki za wakazi wa nyumba za reli zilivunjwa walipoanza kufukuzwa na kukatiwa maji. Kesi ile ilihusu makazi, si biashara, ila ilithibitisha kwamba maji na usafi ni haki ambazo mtu wa mtaa wa kawaida anaweza kuzidai mbele ya jaji.

Anayetaka kuanza kuuza chakula Muthurwa afuate mpangilio huu. Kwanza aamue anauza nini, kibichi au kilichoguswa na kisu na moto. Kisha aulize ofisi ya soko kuhusu nafasi, kabla ya kununua jiko. Apimwe afya yeye na msaidizi wake, akiweka tarehe ya kurudi baada ya miezi 6. Alipie kibali kwa njia rasmi ya kaunti, akihakikisha ada inalingana na jedwali la Sheria ya Fedha ya mwaka huo, na aweke kila risiti. Nakala ya kibali na cheti ibandikwe mahali mteja anaweza kuiona, na ndoo ya maji yenye bomba iwekwe pembeni pamoja na sabuni. Na bunge la kaunti likiita wananchi kutoa maoni juu ya Sheria ya Fedha, wauzaji wa Muthurwa waende, wakaulize ni kiasi gani cha ushuru wao kitarudi sokoni kuwa maji.